Hatua Arobaini za Kichaka

Wewe umewahi kumwona sange akifagia njia yake?

Usijibu haraka. Wengi humwona wakadhani wameona panya, wakaokota jiwe. Ukubwa wake ni wa ngumi ya mtoto. Ana manyoya ya rangi ya vumbi la Kakuma, miguu ya nyuma mirefu, na macho makubwa yenye duara jeupe kama aliyepakwa chokaa. Pua yake ndiyo shani. Ni ndefu, inachezacheza, inanusa huku na huku kama mkonga wa ndovu uliopunguzwa. Chini ya kichaka ana vijia vyake, vyembamba, upana wa vidole vitatu. Kila kunapokucha huvipita vyote akirusha kando jani moja moja na kijiti kimoja kimoja, mpaka njia ing'ae. Hafanyi hivyo kwa usafi. Akija mwewe, ile njia ndiyo maisha yake, na akijikwaa kwenye ujiti, amekwisha.

Basi mwaka wa tisini na nane, baada ya ile mvua kubwa watu waliyoiita El Nino, vijia vya namna hiyo vilikuwa vimebaki mahali pamoja tu katika mashamba ya kikundi, kando ya Tarach, ule mto ambao miezi mingi ni mchanga mtupu. Palikuwa kwenye shamba la Lokaale na mkewe Aperit. Mashamba mengine sita yalikuwa yamekwanguliwa yakawa meupe kama kiganja. Katikati ya hilo la Lokaale palisimama ukanda wa migunga mitatu mikubwa na miswaki iliyosongamana, hatua arobaini kwa urefu, hatua kumi kwa upana. Ilikuwa ekwar ya baba yake. Mturkana akisema ekwar ana maana ya miti ya ukoo kando ya mto, ile ambayo mbuzi wa mtu hula maganda yake jua linapokausha kila kitu, na jirani haigusi bila ruhusa.

Na trekta la shirika la msaada, lile lililoahidi kukilimia kikundi na kukipa mbegu, lilikuwa linakuja Jumamosi kutoka Lodwar.

*

Keziah, mwenyekiti wa kikundi, alifika Jumatatu asubuhi akiwa na daftari kwapani na kitambaa cha kanisa kichwani. Alikuwa mjane mwenye watoto tisa, na alijua kusoma. Aperit alikuwa anapepeta mbegu za majani ya porini, zile zinazookotwa mtama ukikosekana. Lokaale alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kidogo, uso ameuelekeza kichakani.

"Ejok, Mama Nakusi," alimsalimu Aperit kwa Kiturkana.

"Ejok-nooi. Karibu kivuli."

"Sikai. Nimetoka kwa wengine wote, wamemaliza. Mmebaki ninyi." Keziah alinyoosha kidole kwenye ukanda. "Ile kitu mbona bado imesimama?"

Aperit alimtazama mumewe. Lokaale alikuwa anachokonoa meno kwa kijiti cha mswaki.

"Baba Nakusi bado anafikiri," Aperit alisema.

"Tangu mwezi wa pili anafikiri! Mwenzangu, karatasi ya shirika inasema shamba safi, kigingi mpaka kigingi. Dereva akikuta hata kisiki, anaweza kugeuza trekta. Akigeuza kwako, amegeuza kwetu sote. Nina midomo tisa nyumbani, nitaiambia nini?" Kisha akapaza sauti ili Lokaale asikie vizuri. "Wanawake kisimani wameanza kusema Aperit ameolewa na mlinzi wa panya. Kila jioni anawakalia. Wengine wanasema atawapeleka shule."

Wanawake wawili waliokuwa wakipita na madumu yao walicheka wakafunika midomo. Lokaale hakugeuka. Aperit alihisi uso unawaka. Alikuwa mwanamke wa kazi, aliyeinua jembe kabla ya wote na kuliweka chini baada ya wote, na sasa jina lake lilikuwa kisimani pamoja na panya.

"Tutakata," alisema. "Kabla ya Jumamosi pataonekana peupe."

"Nimesikia kwa kinywa chako," Keziah alisema, akaandika.

Alipoondoka, Aperit aliweka ungo chini. "Umenisikia nimesema nini?"

"Nimesikia."

"Hutaki? Sema hutaki, basi. Sema neno."

Lokaale alitema kile kijiti. "Mbuzi hawali mtama," alisema.

"Mbuzi gani?"

Mbuzi wa mwisho alikuwa amekufa mwezi wa kwanza, wakati ule mvua ilipokuja na kikohozi, mbuzi wakalala na kamasi puani wasiamke. Walikuwa thelathini na wawili. Tangu siku hiyo neno mbuzi halikuwa limetajwa nyumbani humo mpaka leo, na Aperit hakutaka kuliendeleza. Akachukua tena ungo.

*

Jumanne, jua bado halijapanda, Aperit alichukua shoka. Alianzia mwisho wa ukanda upande wa kusini, mbali na kigoda cha mumewe. Alikata miswaki, akaburuta gogo kuukuu la mgunga lililokuwa limelala pale miaka mingi, akalipasua vipande vinne. Kimoja kilikuwa na uwazi ndani. Akakiona, akasema ndiyo vizuri, kitawaka upesi. Alifunga mzigo kwa kamba ya ngozi, akauweka kichwani, akashika njia ya kambi ya wakimbizi.

Mteja wake alikuwa Nyaluak, Mnuer kutoka Sudan, mrefu kama mlango, mwenye mistari sita ya chale kwenye paji la uso. Walikuwa na mwaka wa nne wakibadilishana: mzigo mmoja wa kuni, kopo moja la gorogoro la mahindi ya mgao. Hawakuwa na lugha ya nyumbani inayofanana, kwa hiyo walikutana kwenye Kiswahili, kila mtu na chake.

"Leo kuni iko mingi," Nyaluak alisema, akiupokea mzigo. "Wewe nakata wapi? Huku yote naisha."

"Kwangu."

"Kwako? Ule msitu ya bwana?" Nyaluak alimtazama. "Bwana nakubali?"

"Leta mahindi, wewe mwanamke."

Nyaluak alicheka, akainama kuvunja kile kipande chenye uwazi. Akakigonga kwenye jiwe mara moja, mara mbili. Mara akaruka nyuma kwa kelele. Kutoka ndani ya gogo viliteleza viumbe viwili, vikaanguka juu ya majivu ya jana. Vilikuwa vidogo kuliko kidole gumba, lakini vimekamilika kila kitu: manyoya, macho wazi, pua ndefu zinazotetemeka. Havikukimbia. Viliganda hapo, kimoja kimegusa kingine.

"Panya!" mtu alisema, akainua ndala.

"Wacha! Wacha, usipige!" Sauti ilitoka nyuma ya ua wa makuti. Alikuwa Adolphe, jirani wa Nyaluak, mtu wa Kongo aliyekuwa mwalimu wa shule huko kwao. Alikuja na miwani iliyofungwa uzi, akapiga magoti majivuni bila kujali suruali. "Huyu haiko panya. Mama, miezi tatu niko namutafuta huyu! Miezi tatu!"

Hapo ndipo Aperit alipojua kazi ya yule Mkongo ambaye wote waliomwona akitembea mtoni na masanduku madogo ya bati walidhani anatafuta dhahabu. Mama mmoja mtafiti wa Nairobi alikuwa amemwachia masanduku hayo ya kutegea na mkebe wa siagi ya karanga, ili ahesabu wanyama wadogo wa kando ya Tarach, waandikwe kabla hawajaisha. Adolphe alitega kwenye mashamba yale sita meupe kila usiku akivumilia mbu. Alichopata ni panya wa nyumbani, wale waliofuata mahindi ya mgao.

"Pale kwenye mumefyeka, sange ameisha kabisa," alisema. "Hapana kivuli, hapana jani, hapana mahali ya kupita. Lakini kuko ukanda moja, ya muzee moja anakaa na kigoda. Pale niliona alama ya miguu, nikaomba kutega, akakataa. Aliniambia, 'Unataka kujua wako wangapi? Niulize mimi.' Akanitajia moja moja kwa sura, mimi nikahesabu kumi na moja. Nilizani ananicheka."

Aperit alikuwa amekaa chini. "Hao wametoka pale," alisema taratibu. "Nimewakata mimi."

Nyaluak aliviokota vile vitoto kwa ncha za vidole, akavitia kwenye kopo la mafuta ya mgao pamoja na majani makavu. Akamwekea Aperit gorogoro yake ya mahindi, kisha akamrudishia na vile vipande vya gogo.

"Hii peleka," alisema. "Hii iko nyumba ya mtu."

"Utapika na nini?"

"Mimi nakimbia Sudan na mtoto mgongoni, nyumba nachomwa. Wewe peleka."

*

Lokaale alikuwa ameshaona. Alikuwa amesimama kwenye visiki vilivyokatwa, mikono nyuma. Aperit alitegemea kelele, hata fimbo, na alikuwa amejiandaa kujibu. Mumewe alilitazama kopo, akalipokea, akachungulia ndani.

"Hawa ni wa yule mwenye sikio lililochanika," alisema.

"Unajuaje?"

"Ndiye aliyekuwa akilala kwenye gogo."

Wakalirudisha gogo mahali pake, wawili, wakiunganisha vipande kama watu wanaofunga mfupa uliovunjika. Wakalifunika kwa matawi ya miswaki. Lokaale akaviweka vitoto ndani, akarudi kwenye kigoda. Jua lilipoanza kulegea, Aperit alikwenda, kwa mara ya kwanza tangu waanze shamba lile, akakaa chini karibu naye.

Walianza kutoka. Kwanza mmoja, akasimama kwenye kijia chake, pua juu. Halafu wawili waliofuatana. Lokaale alikuwa anapiga mluzi, mwembamba sana, wa kuingia na kutoka na pumzi. Aperit aliujua mluzi huo. Alikuwa ameusikia kila jioni kwa miaka kumi na minne ya ndoa, mifugo ikirudi bomani, ila hakuwa ameusikia mwaka huu.

"Mwekundu," Lokaale alisema kwa sauti ya chini. "Mwenye mkia mfupi. Mkewe. Yule kilema. Huyu mdogo ni wa mvua." Hakuwa anahesabu. Mchungaji wa Kiturkana hahesabu mifugo. Anaipitisha machoni kwa sura, na anayekosekana hujionyesha mwenyewe kwa nafasi yake. Wakatoka wanane. Wakatoka tisa. Wakatoka kumi. Lokaale akangoja. Akaangalia gogo.

"Mwenye sikio hajaja," alisema.

Akabaki pale mpaka kiza kikafunga vijia, na hakuja.

*

Kesho yake Lokaale alipanda lori la kwenda Lodwar, mfukoni barua aliyoandikiwa na Adolphe, nusu Kifaransa nusu Kiingereza. Nauli ilitoka kwenye mahindi ya Nyaluak, ambayo Aperit aliyauza bila kuambiwa. Hakumuuliza anakwenda kuomba nini. Alimpigia pasi shati kwa kulilalia.

Ofisi ya shirika ilikuwa na feni na benchi. Lokaale alikaa kwenye benchi kuanzia saa tatu. Waliokuja baada yake waliingia, wakatoka. Mlinzi alimwambia avue viatu vyake vya tairi kwa sababu vinachafua saruji, akavivua, halafu akawaona wengine wote wamevaa vyao. Saa nane karani kijana, mwenye kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, alimwita. Akaisoma ile barua akianza kutabasamu, akaisoma tena kwa sauti ili wenzake wafaidi.

"Mzee, unataka trekta isilime sababu ya panya?"

"Si panya."

"Sawa, hao jamaa wako wenye pua. Wako na kipande cha kitambulisho? Wamejiandikisha kwa chifu?" Ofisi ikacheka. Hata mzee mmoja wa benchini, aliyekuwa amengoja muda uleule, alicheka ili asionekane yuko upande wa Lokaale.

Karani hakuwa mtu mbaya. Kicheko kilipopoa alivuta karatasi safi, akafungua kalamu. "Hii barua ni ya Mkongo. Hapa hatuandiki habari za Mkongo. Wewe mwenyewe mzee, mwenye shamba, unataka nini? Sema, naandika."

Kalamu ikangoja. Lokaale aliitazama. Kwao, jambo analotaka mtu haliombwi mezani. Unamwendea rafiki wa kusaidiana, mnakaa kivulini, mnakula tumbaku siku nzima mkizungumzia mvua, na jambo lenyewe mnalitaja mwishoni kama mmelikumbuka njiani. Marafiki zake wa namna hiyo walikuwa wanne, na wote mbuzi wao walikohoa mwezi uleule. Alifungua kinywa. Neno lilifika kwenye meno.

"Sijui kuandikwa," alisema.

Karani akaandika mstari mmoja mfupi, akapiga muhuri. Lokaale akavaa viatu vyake nje, juani, akatafuta lori la kurudi.

*

Trekta lilikuja Jumamosi kama lilivyosemwa, jekundu, na vumbi lake likaonekana kabla ya mlio. Lililima shamba la Keziah, likalima la pili na la tatu, udongo ukageuka mwekundu na ndege weupe wakafuata nyuma wakiokota funza. Lilikuwa jambo zuri kulitazama, lazima niliseme hilo. Watu waliokuwa wamelala njaa walisimama pembeni wakipiga vigelegele.

Lilipofika kwa Lokaale, likasimama. Dereva, mtu wa Kitale, alining'inia nje.

"Mama mwenyekiti, hii ni nini? Mimi ni wa kulima, si wa kukata msitu. Dizeli inaenda."

Keziah alikuja mbio, daftari mkononi. Alipoviona visiki vya kusini na matawi yaliyofunikwa upya, alimgeukia Aperit. "Uliniahidi."

"Niliahidi. Nilianza. Nikaacha."

"Na Lodwar je? Nimeletewa karatasi na dereva." Keziah aliifungua, akaisoma polepole, neno kwa neno, maana hakutaka kuambiwa ameongeza. "'Mwenye shamba amefika ofisini. Hana ombi.'"

Watu wakacheka. Aperit alimtazama mumewe. Nauli, shati, siku mbili. Hana ombi.

"Sasa chagua," Keziah alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko ilivyokasirika. "Nina mashamba matatu yanangoja. Ikilimwa kigingi mpaka kigingi, unapata mbegu gunia nusu kama wote. Isipolimwa, mbegu yako inarudi. Si mimi, ni karatasi."

Aperit alikwenda kwenye kigingi cha kati, kile chenye rangi nyekundu ya shirika. Akakishika kwa mikono miwili, akakitikisa, akaking'oa. Akahesabu hatua kumi kutoka ukingo wa miswaki, akakipiga chini kwa jiwe. Akarudia upande wa pili kwa kigingi cha huko.

"Kigingi hicho si chako," Keziah alisema.

"Na shamba? Shamba ni la nani?" Hakungoja jibu. Akamwambia dereva, "Lima huku, mpaka hapa. Na kule, mpaka pale. Katikati usiguse."

"Na mbegu?"

"Mama yangu alilima mtama miaka yote ndani ya miti, na jembe la mti. Mbegu yake iko kwenye kibuyu, juu ya paa. Ni kidogo. Nitaanza na hicho."

Keziah alifunga daftari. Alitaka kusema neno kali, lakini na yeye alikuwa na mama aliyelima ndani ya miti. "Nitaandika umejitoa kwenye mbegu," alisema.

"Andika."

Trekta likanguruma, likala pande zote mbili za kichaka, na ardhi ikatetemeka. Ndani ya miswaki hakukuonekana kitu. Lokaale alikuwa amepiga magoti ukingoni, kiganja juu ya udongo, kama mtu anayemtuliza mnyama wakati wa radi. Mlio ulipohamia shamba la jirani, Aperit alikuja akasimama mbele yake, jua mgongoni. Hakushusha sauti. Wanawake wa kisimani walikuwa hapo wote.

"Nimechekwa. Nimekosa gunia nusu la mbegu. Nimeng'oa kigingi cha watu. Na yule mwenye sikio nimemuua mimi, nalijua, nitalibeba. Sasa wewe, Baba Nakusi, niambie. Si karani, mimi. Ni sange unaowataka? Ukisema ni sange, nitakubali, watu wacheke mpaka wachoke. Lakini sema."

Lokaale alibaki amepiga magoti. Kwenye kijia kilicho karibu na goti lake alitokea mmoja, yule mdogo wa mvua, akasimama, pua juu. Mtikisiko ulikuwa umeangusha jani njiani mwake. Akalirusha kando kwa mguu, akapita.

"Hawa nilikuwa nawachunga tu," Lokaale alisema. "Macho yasisahau."

Akainua uso, akamtazama mkewe, na watu wote waliokuwa pale wakasikia.

"Nataka mbuzi, Aperit. Hata jike mmoja. Nataka mbuzi."